Kwa Nini Wamaitha Alinunua Nusu Kabichi

Katika harusi na matanga ya ukoo wetu bado wapo wanaomtaja mama mkwe wangu, Wamaitha, na kucheka. Wanasimulia jinsi alivyokuwa akimwuliza mgeni atakula viazi vingapi, na mgeni mwenyewe hajaketi bado. Wanasimulia jinsi alivyonunua nusu kabichi sokoni Nakuru, na jinsi nyumbani kwake hapakulala chakula hata siku moja. Hayo yote ni kweli na sitayakanusha. Ninachokanusha ni neno wanalomalizia nalo, kwamba alikuwa mchoyo. Mimi nimekuwa mke, na sasa mjane, katika nyumba ya baba mkwe wangu, Hiram Mathenge. Jina la nyumba hiyo wanalibeba wanangu, na mimi sikubali walibebe likiwa na doa ambalo si lao.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuweza kusemwa, kwa kuwa lingemponza jirani aliyetutendea wema. Jirani huyo, Kipketer, ameacha kazi ya reli na kurudi kwao. Mkewe, Jepkorir, nilipomwomba ruhusa alinijibu, "Andika, binti yangu. Nimechoka kusikia watu wakimcheka marehemu." Mengi niliyoandika hapa nimeyapata kwake. Mengine nilisimuliwa na Wamaitha mwenyewe, tukimenya viazi pamoja, naye hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Wamaitha alizaliwa Ndabibi, katika shamba la mzungu ambako baba yake alichunga ng'ombe. Huko chakula kilitoka ardhini kilipohitajika. Mama yake alichimba viazi vya siku ileile, akachuma mboga za siku ileile, na kilichobaki shambani kiliendelea kukua. Alipoolewa na Hiram, karani wa mizigo katika stesheni ya Nakuru, alijikuta katika landhi ya reli, safu ya makazi ya wafanyakazi, katika nyumba ya chumba kimoja na jiko la nje. Alianza kununua chakula kwa namna ya mtu anayeogopa kwamba soko litafungwa. Alileta viazi kwa debe. Alileta kabichi mbili, tatu, nyanya hadi zikamwagika. Viazi vilichipua chini ya kitanda, nyanya zikatoa maji, na Hiram akamtania kwamba amefungua shamba uvunguni.

"Ukija usiku usikanyage kahawa yangu," alimwambia.

"Kahawa haikui hapo, ni viazi tu," Wamaitha alijibu, naye hakuona aibu. Mke aliye na chakula kingi hakuwa na la kuonea aibu.

Githeri alipika katika sufuria kubwa, iliwe siku tatu. Mahindi na maharage huchukua nusu siku kuiva, na hakuna mwanamke wa kwetu aliyewasha moto wa nusu siku kwa ajili ya bakuli nne. Tena ilikuwa desturi kwamba chungu lazima kibaki na kitu. Mpita njia akiingia hakuulizwa lolote kabla ya kupakuliwa. Mtoto aliyekuwa mbali naye aliwekewa fungu lake, likafunikwa kwa sahani nyingine, na asipotokea lililiwa asubuhi na yeyote mwenye njaa. Mama hakumtoa mwanawe katika hesabu ya jioni kwa sababu tu hayupo.

Mtoto aliyekuwa mbali alikuwa Naftaly, mwanawe wa kwanza, ambaye baadaye alikuja kuwa mume wangu. Alikuwa Nairobi akijifunza ushonaji. Hali ya Hatari ilipotangazwa, vijana wengi wa Kikuyu walizolewa katika misako ya Nairobi bila kuulizwa walikuwa wakienda wapi, naye akawa mmoja wao. Habari zilizofika Nakuru zilisema yuko kambini, lakini hakuna aliyejua kambi gani. Wamaitha aliendelea kumwekea fungu lake kila jioni. 

Siku hizo Wakikuyu waliobaki Nakuru waliishi kwa kuvumiliwa. Hiram alibaki kwa sababu ya kazi yake, na kila mtu katika landhi alijua kwamba neno moja baya lingetosha kumwondoa. Serikali ilitaka wapiganaji walioingia msituni wakose chakula, na kwa hiyo chakula chenyewe kikawa kitu cha kuulizwa maswali. Askari walipofanya msako hawakutafuta bunduki peke yake. Walifunua sufuria. Walichokora maganda kwenye pipa la taka kwa fimbo ili wakisie viazi vingapi vilipikwa.

Msako wa kwanza katika landhi ulikuja asubuhi, mwaka 1953, Hiram akiwa kazini. Mkubwa wa askari alikuta sahani juu ya kabati imefunikwa. Aliifunua, akainusa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mwanangu," alisema Wamaitha.

"Mwanao yupi? Hawa wawili wameshakula, midomo inang'aa mafuta."

"Yule mkubwa."

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo Wamaitha alipoona amejifunga mwenyewe. Akisema Naftaly yuko kambini, basi sahani si yake. Akisema hajui aliko, basi huenda yuko msituni, na mama anamlisha. Alisimama mkono ukiwa kifuani. Watoto wake wawili walikuwa wamemshika sketi.

Jepkorir alikuwa mlangoni. Mumewe, Kipketer, mpiga breki wa treni za mizigo, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu na alisimama nyuma yake, kofia ya kazi ingali kichwani. Watu hawa wawili walikuwa Wakipsigis, na nyumba yao haikuguswa katika msako.

"Kwani nyinyi mnasumbua chakula cha bwana yangu kwa nini?" Jepkorir alisema. "Mimi nilikuwa hoi na malaria, huyu mama akampikia. Ni makosa?"

Askari alimgeukia Kipketer. "Ni yako?"

Kipketer alikuwa mtu wa maneno machache, na maharage hakuyapenda maisha yake yote. "Ni yangu," alisema. "Nilichelewa kuichukua." Akaingia, akaibeba sahani kifuani kwa mikono miwili, kama mtu abebaye kuku, akatoka nayo.

Askari hakuridhika. Alimwita Kipketer aandikishe maelezo na kutia kidole gumba kwamba chakula kile kilikuwa chake na kwamba ana desturi ya kula kwa Hiram. Kipketer akatia kidole. Kisha yule mkubwa alimwambia Wamaitha, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nimekubali. Nikikuta tena chakula kisicho na mlaji katika nyumba hii, mwenye nyumba anaondoka na mimi. Na huyu rafiki yenu aliyetia kidole, nitajua alidanganya."

Tangu siku hiyo Wamaitha alijua analinda nini. Akibakiza bakuli moja la chakula, Hiram anachukuliwa, watoto wanapakiwa lori kupelekwa Nyeri wasikokujua, na Kipketer anapoteza kazi ya reli kwa kuwahurumia.

Ikambidi ajifunze kununua upya. Naomba nieleze jinsi alivyofanya, maana wanaocheka hawajawahi kujaribu. Kila asubuhi kabla ya kutoka alijiuliza ni nani watakaokula na wameamkaje. Hiram akipakua shehena ya mahindi alikula mara mbili ya siku ya makaratasi. Mtoto mwenye mafua aliacha nusu. Githeri ya siku tatu aliiacha kabisa, akapika vitu vinavyoiva upesi na kwisha upesi. Nyanya alichagua zilizokwisha iva, za kupikwa siku hiyohiyo. Majani ya nje ya mboga, ambayo wengine walitupa, aliyakatakata pamoja na ya ndani, na viazi alivichemsha na maganda yake ili pipa la taka lisiwe na cha kusema. Alijua kwa mkono, bila mizani, uzito wa chakula cha watu wanne. Alikosea mwanzoni, na alipokosea alikosea kwa upande wa kupunguza, na aliyelala na njaa alikuwa yeye.

Sokoni walimcheka waziwazi. Mugure, aliyemwuzia viazi kwa miaka, alidhani mwanzoni ni mzaha.

"Nikupimie debe, mama Naftaly?"

"Nipe vya leo tu."

"Vya leo ndiyo vipi? Kesho mnafunga na kuomba?"

"Kesho nitakuja tena. Na hiyo kabichi, nikatie nusu."

Mugure aliweka kisu chini. "Nusu! Na nusu hii nyingine nimwuzie nani, mama? Niseme imeng'atwa na panya?"

"Labda bwana yake ameota mdomo wa ndege," alisema muuzaji wa karoti, na meza nzima ikaangua kicheko.

"Karani wa reli huyo! Mshahara wote anaficha wapi?" mwingine akadakia.

Jepkorir, aliyekuwa nyuma na kikapu chake, alisukuma watu akapita. "Nusu hiyo ni yangu. Kata, Mugure, na ukimaliza kukata kabichi ukate na maneno."

Ikawa hivyo. Kabichi moja ililiwa katika nyumba mbili, fungu moja la vitunguu likagawanywa mlangoni, na kikombe cha maharage kikapimwa kwa zamu. Jepkorir alijitolea zaidi ya hapo. Alisema, "Mama Naftaly, nunua unavyotaka uweke kwangu. Kwangu hawafunui sufuria." Wamaitha alikataa. Alisema amekwisha mtia Kipketer hatarini mara moja, hatamtia mara ya pili. Wala hakumwambia Mugure sababu, wala mtu yeyote sokoni, kwa kuwa hukujua nani atamwambia nani. Aliacha wamwite walivyotaka. Mumewe alibaki nyumbani, na kwake hiyo ilikuwa faida ya kutosha.

Fungu la Naftaly aliliacha pia. Aliniambia kwamba jioni ya kwanza aliyopakua bila kumtengea, alitoka nje na kukaa kwenye ngazi ya landhi hadi chakula cha wengine kikapoa.

Msako ulikuja tena, na tena. Kila mara walikuta sufuria imeoshwa na kulazwa kifudifudi.

Mama yake Hiram, Wariara, aliishi Rongai katika shamba la mzungu. Alikuwa amelima huko tangu alipokuwa msichana, na mumewe alizikwa huko. Nilivyoambiwa na wote waliomjua, alikuwa mwanamke wa kujali heshima, mrefu, mwenye kutembea kana kwamba shamba ni lake. Alimpenda Wamaitha. Ni yeye aliyemfundisha kuponda irio ya viazi, njegere na mahindi hadi mwiko usimame wenyewe, na kila alipokuja Nakuru alikula kwanza, ndipo akasalimia. Alisema salamu za tumbo tupu ni za uongo.

Wakikuyu wa mashamba ya Rongai walipofukuzwa, Wariara alipakiwa kwenye lori pamoja na wengine. Walilala njiani, wakashushwa stesheni ya Nakuru kungojea treni ya kuwapeleka Nyeri. Alimsihi askari mmoja amruhusu afike landhi amwone mkaza mwanawe, kwa kuwa ilikuwa hatua chache tu kutoka relini. Askari huyo, kijana wa Kikuyu, alimhurumia. Alimsindikiza mwenyewe na kusimama mlangoni, bunduki begani.

Ilikuwa mchana, chakula kimekwisha liwa. Wamaitha alikuwa ameosha vyombo. Alipomwona mama mkwe wake, vumbi limemfika kwenye nyusi na kitambaa kimemlegea kichwani, alipiga magoti.

"Maitu," alimwita, yaani mama.

"Simama, mwanangu, sina muda wa magoti," alisema Wariara. "Sijatia kitu kinywani tangu jana. Nipakulie chochote, hata kilicholala."

Wamaitha alibaki chini.

"Maitu, hakuna."

Wariara alicheka kidogo. Alidhani ni adabu, kwamba mkaza mwana anaona haya kumpa kiporo mama mkwe. "Nimesema hata kilicholala. Mimi si bibi arusi."

"Hakuna, maitu. Kaa, nitakimbia sokoni."

"Dakika tano, mama mzee," askari alisema mlangoni.

Wariara alikwenda mwenyewe hadi jikoni. Aliigeuza sufuria, akaitazama ndani, akapitisha kidole. Alifungua kabati. Kulikuwa na chumvi na majani ya chai kwenye karatasi. Aliinama hata chini ya kitanda, mahali alipojua viazi vilikaa. Aliporudi hakuwa na kicheko tena.

"Mwanangu ni karani," alisema. "Sufuria imelala mchana, tena baridi. Mmeambiwa na nani kwamba naja, hata mkaficha?"

Wamaitha alifungua mdomo. Lakini angesema nini? Aseme hawaweki chakula kwa kuogopa msako? Yule kijana mlangoni alisikia Kikuyu kama yeye. Angeuliza nyumba isiyo na kosa inaogopa nini. Angeuliza habari ya sahani ile, na maelezo ya Kipketer yalikuwa yangali kituoni na kidole gumba chake. Aliinamisha kichwa. Kwa Wariara, kichwa kilichoinama kilikuwa jibu.

Wakati huo Jepkorir alikuwa amesikia kupitia ukuta. Aliingia na ugali kwenye sahani na mursik, maziwa yaliyoganda yenye harufu ya moshi, kwenye kibuyu, akanyoosha mikono miwili. "Pole na safari, gogo," alisema, kama wanavyowaita kina bibi kwao. "Kula. Hapa ni kwako."

Wariara alivitazama. Jepkorir aliniambia kwamba njaa ilionekana shingoni mwake, jinsi alivyomeza mate. Kisha alirudisha mikono ya Jepkorir kwa upole.

"Mungu akuongezee, binti yangu. Lakini nikila cha jirani ndani ya nyumba ya mwanangu, nimetangaza kwamba sina mwana."

"Kula, maitu, nakuomba," alilia Wamaitha. "Kula chake!"

"Wewe ndiye wa kunipa."

Kwetu mama hawezi kuvuka jiko la mkaza mwanawe akalishwe na mwingine, na jiko hilo likiwepo mbele ya macho yake. Jepkorir hakuijua desturi hiyo. Alidhani bibi amechukia maziwa ya moshi, akakimbia kuleta chai. Aliporudi, Wariara alikuwa ameshatoka, akitembea mbele ya askari kwa ule mwendo wake wa mwenye shamba.

Hiram alimwona mama yake stesheni, behewani, watu wamebanana. Alijipenyeza hadi dirishani akampa mkono. Yule askari alikuwa palepale.

"Umekonda," mama yake alimwambia. "Sasa najua kwa nini."

"Mama, sikiliza..."

"Mwambie mke wako sitamhangaisha tena. Asinitumie kitu. Asije akapungukiwa."

Treni iliondoka na maneno hayo. Watu wa Rongai waliokuwa ndani ya behewa waliyasikia, na walipofika Nyeri waliyashusha pamoja na mizigo yao.

Kuanzia hapo Wamaitha alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, nalo ni kufika Nyeri, kuwasha moto mbele ya Wariara na kumpakulia kwa mkono wake. Hakutaka hata kujieleza. Alisema Wariara akila tu, atajua. Aliomba pasi ya kusafiri. Akaambiwa angoje. Aliomba tena baada ya Krismasi, akanyimwa. Hiram aliomba, akaulizwa ana haraka gani ya kwenda Nyeri, na akaogopa kuomba tena. Wamaitha alimtafuta mama mmoja mwenye ruhusa na kumpa viazi na njegere ampelekee Wariara. Mzigo ulirudi vilevile ulivyofungwa. Wariara alikuwa amehamishiwa katika kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, ambako akina mama walitoka kulima kwa saa walizopangiwa tu, na njaa ilikuwa kali. Hata hivyo aliurudisha.

Mwaka 1955 mtu wa reli aliyetoka huko alimjia Hiram kazini akamwambia mama yake amefariki. Wariara alikuwa ameshazikwa. Safari hii pasi ilitolewa, ya siku chache, kwa wote wawili.

Wamaitha alikwenda sokoni asubuhi ya safari na kiondo kikubwa. Mugure alikuwa amesikia msiba. Hakutania.

"Nikupimie vya leo, mama Naftaly?"

"Nijazie. Nampikia mama."

Mugure alijaza hadi viazi vikakaa juu ya ukingo. Aliongeza njegere na mahindi mabichi. Alishika kabichi na kisu, akamtazama.

"Usikate," alisema Wamaitha.

Walifika kijijini Nyeri, waombolezaji wakiwa wameketi nje ya nyumba ya Wachuka, dada yake Hiram, ambamo Wariara alifia. Kwetu wakaza wana ndio wanaowapikia waombolezaji wa mama mkwe wao. Wamaitha hakusalimia watu wengi. Alikwenda moja kwa moja jikoni na kiondo chake mgongoni. Wachuka alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo huu na mwingine kwenye ule.

"Usiingie, mke wa kaka."

"Nimekuja kupika."

"Najua ulichokuja kufanya. Mama aliacha neno. Alisema chakula cha Wamaitha kisiinjikwe mahali alipo."

"Wachuka, niruhusu niwashe moto tu. Wewe utapika."

"Alipotaka chakula chako alikuwa hai," Wachuka alisema, na sauti ikamkatika. "Ulikuwa nacho wakati huo? Kwa siku alizokuwa mgonjwa hapa, sisi tukichemsha majani, alikuwa akiniambia habari za ile sufuria. Ilikuwa safi, aliniambia. Safi kama haijawahi kutumika."

Hiram alisogea mbele. Uso wake, Wamaitha aliniambia, ulikuwa wa mtu aliyekwisha amua. "Dada," alianza, "siku ile nyumbani kwangu..."

Miongoni mwa waombolezaji aliketi mkuu wa walinzi wa kijiji, aliyekuja kuhakikisha mkutano haugeuki kuwa wa mambo mengine. Alikuwa ameinua kichwa kusikiliza.

Wamaitha alimshika mumewe kiwiko. "Baba Naftaly," alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Kipketer yuko zamu wiki hii."

Hiram alimwelewa; kidole gumba cha Kipketer kilikuwa kingali kituoni. Akarudi nyuma. Wamaitha aliteremsha kiondo, akakiweka chini mbali na jiko, akaketi kando yake juu ya ardhi. Alikaa hivyo hadi sala zikaisha. Wanawake wa ukoo walimpita na bakuli za uji. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walimzunguka tu, kama wanavyozunguka kisiki kilichoko njiani. Na hao ndio waliosimulia. Waliona kwa macho yao mwanamke aliyefika matanga ya mama mkwe wake na chakula tele akarudi nacho, wakaeleza walivyoelewa.

Hiram alitaka waache kiondo kwa wenye njaa kijijini, na walikuwapo wengi. Wachuka alisema neno la mama yake lilikuwa juu ya kijiji kizima. Wakarudi nacho hadi Nakuru.

Walifika landhi alasiri. Jepkorir, aliyebaki na watoto, alikuja kuwapokea, akauona mzigo jinsi ulivyojaa, akaelewa bila kuambiwa. "Niletee kwangu," alisema. "Nitauficha hadi mwisho wa mwezi. Hapa kwako wakija kesho mtasema nini?"

"Hapana," alisema Hiram. "Ni chakula cha mama. Hakitoki nyumbani kwangu."

Wamaitha aliwasha moto. Alimenya viazi vyote. Alitoa ile sufuria kubwa ya githeri, ambayo hakuwa ameitumia tangu msako wa kwanza, akapika irio, akaiponda kwa nguvu zake zote hadi mwiko ukasimama wenyewe. Kipketer alitoka zamu, akaitwa pamoja na mkewe. Waliketi wote katika chumba kile kimoja. Watoto walifurahi sana. Hawakuwa wameona chakula kingi namna ile muda mrefu, na walikula wakichekeana, halafu wakashiba, halafu mdogo akalala akiwa ameketi, mkono ungali ndani ya sahani.

Kipketer alikula hadi akafungua kifungo cha suruali. "Mama Naftaly," alisema, "mimi nimefika stesheni yangu." Jepkorir alijaribu kucheka. Naye aliongezewa, akala, kisha akasukuma sahani.

Sufuria ilikuwa ingali na chakula. Hiram aliitazama.

"Imebaki?"

"Imebaki."

"Nipakulie."

Wamaitha alimpakulia. Alikula polepole, akitafuna kila tonge muda mrefu. Alipomaliza alinyoosha tena sahani. Wamaitha alimwambia, "Imetosha, baba Naftaly, utaumwa." Alibaki ameinyoosha.

"Hilo lilikuwa fungu langu," alisema. "Sasa nipe la mama."

Jepkorir aliniambia kwamba wakati huo Kipketer aliinuka akatoka nje, kwa kuwa hakuweza kutazama. Hiram alikula fungu la mama yake machozi yakimtiririka kwenye irio, bila kuyafuta, na kila alipoonekana kushindwa alipumzika kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Wamaitha alikaa mkabala naye, mwiko mkononi, akimwongezea kidogo kidogo. Yeye hakuonja hata tonge moja. Alikomba sufuria hadi chini, akampa.